Sheikh Rahmatullah wa Bara Hindi na Ilimu ya Nuskha

Kila aliyepata kuziweka nakala mbili za Al-Inkishafi mbele yake hapa Kibokoni ajua kwamba kalamu ya mwenye kunakili haiaminiki daima: huruka neno, hukariri mstari, na pengine hulitengeneza lile isilolifahamu. Jambo hilo hilo, katika vitabu vya Wakristo, ndilo lililomshughulisha Sheikh Rahmatullah al-Kairanawi.

Alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Kairana, Bara Hindi. Zama zake wamishonari walikuwa wakieneza vitabu vyao huko, na mashuhuri wao alikuwa Mjerumani Karl Pfander, aliyesomea Basel, chuo kile kile alichosomea Krapf aliyefika kwetu Mombasa mwaka 1844.

Sheikh hakuridhika kujibu kwa maneno ya kusikia. Rafiki yake, Daktari Wazir Khan, alikuwa amesoma Uingereza na kurejea na vitabu vya wanavyuoni wa Kizungu. Humo wakamkuta Thomas Horne, Mkristo mwenyewe, akieleza sababu za nuskha kuhitilafiana: kughafilika kwa mwandishi, kasoro za nakala aliyoinakili, kusahihisha kwa kudhani, na kubadili kwa makusudi. Mfano ulio wazi ni maneno ya Utatu katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, mlango wa 5, yasiyokuwamo katika nuskha kongwe za Kiyunani.

Tarehe 10 na 11 Aprili 1854, mjini Agra, alijadiliana na Pfander mbele ya hadhara. Pfander alikubali kuwa makosa ya waandishi yamo, bali alikanusha kuwa yameharibu mafundisho ya asili. Mjadala ukakatika, kila upande ukidai ushindi.

Baada ya vita vya mwaka 1857 mali yake ilinadiwa, naye akahamia Makka. Mwaka 1864, akiwa Istanbul, alitunga Izhar al-Haqq. Mwaka 1874 aliasisi Madrasa Sawlatiyya huko Makka, kwa mali iliyotolewa na bibi mmoja wa Bengal. Alifariki Makka mwaka 1891, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Enyi ndugu, wengi wetu twalitamka neno tahrifu barazani bila kuijua hata nuskha moja. Tena insafu yataka tukiri kwamba hitilafu nyingi ni za herufi na mpango wa maneno, zisizogeuza maana. Apitaye kiasi katika hoja huidhoofisha. Sheikh alikisoma kitabu cha mpinzani wake kabla ya kufungua kinywa. Nasi je, tumesoma nini?