Dian Fossey na Sindano ya Surua

Likizo ya Aprili mama alinituma nimpeleke mdogo wangu kliniki hapa Kianyaga akadungwe sindano ya surua. Alikuwa ametimiza miezi tisa. Alilia mpaka foleni nzima ikageuka kututazama, nami nikaona haya kweli kweli. Siku hiyo sikujua kwamba sindano ya surua iliwahi kudungwa gorila wa porini. Nilipoambiwa nilidhani ni mzaha. Kumbe ni kweli, na habari hiyo ina mizizi katika maisha ya mwanamke mmoja.

Mwanamke huyo ni Dian Fossey. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 huko San Francisco, Marekani. Mwanzoni hakusomea mambo ya wanyama wa porini. Kazi yake ilikuwa katika hospitali ya watoto walemavu mjini Louisville, akiwafunza kutumia viungo vyao. Mwaka 1963 alikopa pesa akaja kutembea Afrika Mashariki. Kule Olduvai alikutana na Dkt. Louis Leakey, yule Mzungu aliyezaliwa Kabete akakizungumza Kikuyu kama sisi. Dian alianguka katika shimo la wachimbaji akateguka mguu. Je, alirudi kwao? Wapi! Alichechemea hadi milima ya Virunga, akawaona gorila kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1966 Leakey alimpa kazi ya kuwachunguza gorila hao. Alimwambia eti kwanza apasuliwe atolewe kidole tumbo, kwa vile mlimani hakuna hospitali. Dian akaenda akapasuliwa. Baadaye akapata barua kwamba haikuwa lazima, mzee alikuwa anaipima nia yake tu!

Alianza kazi Kongo mwezi wa Januari 1967, lakini vita vikamfukuza mwezi wa Julai. Hakukata tamaa. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo alijenga kambi upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Bisoke. Akayaunganisha majina hayo mawili akaiita Karisoke. Ni mahali pa baridi na ukungu, urefu wa mita 3,000 hivi. Ni kama utoke hapa Kianyaga, uyapite mashamba ya chai, uingie msitu wa Mlima Kenya mpaka kwenye mianzi, kisha ukae huko miaka kumi na minane.

Ili gorila wasimwogope, alitembea kwa magoti, akatafuna majani kama wao na kuiga sauti zao. Mwaka 1970 dume mmoja aliunyosha mkono akamgusa. Tena wanachama wenzangu, tujivunie: Dian alizungumza na wafanyakazi wake kwa Kiswahili, na baadhi ya gorila aliwapa majina ya Kiswahili. Jike mmoja alimwita Macho, na mtoto wa Macho akamwita Kweli.

Lakini msiba haukuwa mbali. Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji walimuua kwa mikuki Digit, dume aliyependwa sana na Dian, wakamkata kichwa na mikono. Julai 1978 Macho alipigwa risasi akafa, naye mtoto Kweli akajeruhiwa. Aliishi na kidonda kile miezi mitatu hivi, kisha naye akafa. Wakati huo hakukuwa na daktari wa wanyama aliyekaa mlimani.

Tangu hapo Dian akawa mkali kupita kiasi. Alikata mitego kwa maelfu, na wawindaji waliokamatwa aliwachapa kwa ule mmea unaowasha, ambao huku kwetu tunauita thabai. Hapa mimi siwezi kumsifu. Marehemu babu yangu alikuwa akitega paa msituni zamani za njaa, na hakuwa mtu mbaya. Wengi waliotega Virunga pia walitafuta paa, gorila akanaswa kwa bahati mbaya. Kumchapa mtu hakumpi chakula.

Hata hivyo, kuna jambo moja aliloliona mapema. Dian aliogopa pia wageni wanaokuja kuwatazama gorila, kwa sababu gorila anafanana na binadamu sana na magonjwa yetu humshika. Miaka yake ya mwisho alimwomba mama mmoja Mmarekani, Ruth Keesling, kiongozi wa shirika la kusaidia wanyama, atafute daktari wa kuwatibu. Daktari huyo, James Foster, alifika Rwanda mwaka 1986. Lahaula! Dian alikuwa ameshauawa kwa panga nyumbani mwake, usiku wa tarehe 26 Desemba 1985. Alizikwa Karisoke kando ya Digit.

Miaka miwili baadaye hofu yake ikawa kweli. Mwaka 1988 gorila wa Rwanda walianza kukohoa na kutokwa na kamasi, wengine wakafa. Madaktari walishuku surua. Sasa utafanyaje? Huwezi kumwita gorila apange foleni kliniki! Waliwafuata msituni wakawapiga kwa bunduki inayorusha sindano, na gorila zaidi ya 60 wakapata chanjo ile ile ya watoto.

Hapo ndipo nilipojifunza. Dian alipigana maisha yake yote na mtu mwenye mkuki, ambaye ukimwona unamjua ni adui. Lakini surua haikuletwa na mkuki. Ni ugonjwa wa watu, na mtu anaweza kuufikisha pale kwa pumzi tu, hata akiwa anampenda gorila kwa moyo wake wote. Ndiyo maana siku hizi mgeni huvaa barakoa, hukaa saa moja tu, na mwenye kikohozi hurudishwa. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Mimi nina 16, kwa hiyo kilichobaki ni nauli!

Mwaka 1981 gorila wa Virunga walihesabiwa wakawa kama 250. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018, pamoja na wale wa Bwindi, Uganda, ilipita 1,000. Dian hakuiona. Ama kweli, mpanda mti si lazima aukalie kivuli chake.

Ndugu msomaji, ukienda msituni kwetu kutafuta kuni ukamwona mbega, usimtupie ndizi uliyoiuma. Mtazame kwa mbali, kisha uende zako. Nami nikirudi kliniki na mdogo wangu, akilia sitaona haya tena.