Mbaruk wa Gazi na kampuni iliyogeuka serikali

Ukitoka Ukunda na matatu ya Msambweni, utapita njiapanda ya Gazi. Wengi wetu tunapajua kwa mikoko tu. Lakini hapo ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, na nyumba yake baadaye ikatumika kama shule. Kama bei ya unga inakuumiza na unajiuliza serikali kazi yake ni gani hasa, maisha ya mzee huyu yanakuhusu.

Wamazrui walitawala Mombasa hadi 1837, Sayyid Said wa Zanzibar alipowanyang'anya mji. Waliotoroka wakagawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi. Uchungu huo Mbaruk aliurithi. Alipokuwa mkubwa wa Gazi aliasi si mara moja. Mwaka 1882 askari wa Sultani, wakiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, walimzingira kwenye ngome yake ya Mwele, kule bara. Hawakummaliza.

Sasa hapa ndipo pa kutega sikio. Mwaka 1887 Sultani Barghash alimkodisha mfanyabiashara William Mackinnon na wenzake ukanda wa pwani, kuanzia mto Umba kule Vanga hadi Kipini. Mwaka uliofuata kampuni yao, IBEA, ikapewa hati na Malkia wa Uingereza. Kampuni ikawa inakusanya ushuru wa forodha, ina mahakama, ina askari wake. Yaani mchezaji ndiye huyo huyo refa.

Fikiria wewe ni mkulima wa Msambweni wakati huo. Ushuru ukikukaba, unamlalamikia nani? Anayetoza ndiye anayehukumu, na wenye hisa wanangoja faida London. Mbaruk naye alinyamazishwa kwa posho ya kampuni, na kwa muda alitulia.

Na faida yenyewe haikuonekana. Gharama za kwenda Uganda ziliilemea kampuni. Mapema 1895 kiongozi wa Wamazrui wa Takaungu alifariki, na kampuni ikaingilia urithi, ikamweka mtu iliyemtaka yeye badala ya Mubarak, jamaa yake Mbaruk. Vita vikawaka. Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ikachukua utawala moja kwa moja, na kampuni ikaondoka na fidia ya pauni 250,000. Nyingi ya hizo, pauni 200,000, zilitoka kwenye hazina ya Sultani. Umeona? Hasara ya kampuni ikalipwa na wenyeji, na vita vikabaki kwa wenyeji.

Agosti 1895 Mwele ikatekwa. Mbaruk akapigana msituni hadi Aprili 1896, akavuka mpaka na watu wake na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na Gazi.

Usimfanye malaika. Mbaruk alimiliki watumwa, na vita vyake vilichoma vijiji vya watu wasio na hatia. Hakuwa anapigania bei ya mahindi ya Mdigo. Alipigania utawala wa ukoo wake. Lakini kisa chake kinaonyesha kinachotokea serikali inapokodisha kazi yake kwa kampuni: mwananchi anakosa mahali pa kupeleka kesi.

Leo tuna bahati ya kuwa na mahali. Bei ya juu kabisa ya petroli inatangazwa na EPRA kila tarehe 14, sio na mwenye kituo. Na hapa kwetu Kwale mchanga wa madini ulichimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale pale. Sheria hiyo haijilindi yenyewe, inataka mtu wa kuuliza zile 10 zimefika kwa nani.

Kwa hivyo kikao cha umma kikiitwa Ukunda au Msambweni, kuhusu mgodi, kuhusu miwa, kuhusu ada za soko, usiwaachie wazee peke yao. Nenda na maswali mawili: nani anatoza, na nani anamkagua anayetoza? Ukiambiwa ni mtu mmoja, basi simama na ukatae, na jina lako liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.