Kazadi Mwamba: golikipa wa Englebert aliyebebeshwa magoli tisa

Hapa Likasi, wazee wakianza kuzungumza mupira wa Zaire ya 1974, magoli tisa ya Yugoslavia hayakosi kutajwa. Na jina la golikipa linafuata: Kazadi Mwamba. Lakini ukihesabu vizuri, utaona huyu mutu alibebeshwa mzigo ambao haukuwa wake wote.

Robert Kazadi alizaliwa tarehe 6 Machi 1947. Alidakia TP Englebert ya Lubumbashi, ile ambayo leo ni TP Mazembe. Mwaka 1967, mwaka mmoja tu kisha Jadotville kuitwa Likasi, Englebert ikapata kombe la klabu bingwa za Afrika. Ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 na 2-2, na kwa mechi ya tatu Kotoko haikufika. Mwaka 1968 ikalichukua tena, mbele ya Étoile Filante ya Togo. Kuchukua lile kombe mara mbili mfululizo, hakuna klabu ingine iliyoweza mpaka Enyimba ya Nigeria, 2003 na 2004.

Huo mwaka 1968, mwezi wa kwanza, Kongo ilipiga Ghana 1-0 kule Addis Ababa na kushinda kombe la Afrika la mataifa. Goli lilitoka kwa Kalala, naye mchezaji wa Englebert. Kazadi, kijana wa miaka 20, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Mwaka 1974, wakati wa majina ya Uzalendo, alikuwa tayari Kazadi Mwamba. Zaire ikachukua kombe la Afrika kule Misri, halafu ikaenda kombe la dunia Ujerumani ya Magharibi. Ilipoteza 2-0 na Scotland. Halafu wachezaji wakajua makuta yao hayatafika, roho zikavunjika.

Tarehe 18 Juni, kule Gelsenkirchen, Yugoslavia ilikuwa imefunga tatu tu, dakika ya 21, wakati kocha Vidinić alimutoa Kazadi na kumuingiza Tubilandu wa Vita Club. Vidinić mwenyewe alikuwa mutu wa Yugoslavia, na zamani golikipa wa ile nchi. Maneno yakawa mengi. Kisha Kazadi kutoka, yakaingia magoli sita ingine.

Siku ine kisha, juu ya Brazil, Kazadi akarudi golini. Brazil ilihitaji magoli matatu ili ipite, na ikapata matatu. La mwisho, shuti ya Valdomiro, lilipita chini ya mwili wake.

Kazadi alikufa mwaka 1996. Watoto wa leo wanamujua Kidiaba aliyeruka kwa makalio wakati Mazembe inashinda. Lakini mbele ya Kidiaba kulikuwa Kazadi: makombe mawili ya klabu, mawili ya taifa. Katika yale magoli tisa, yake ni matatu.