Vélocio, mwuza hariri aliyewapandisha Wafaransa milima kwa baiskeli

KUSINI mwa mji wa Saint-Étienne, Ufaransa, kuna barabara inayopanda katikati ya misitu hadi kwenye kipito cha mlima kiitwacho Col de la République, mita 1,161 kutoka usawa wa bahari.

Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka wa 1889, mwanamume wa miaka 36 alikuwa akiipanda barabara hiyo kwa baiskeli, jasho likimchuruzika, alipopitwa na mwendeshaji mwingine aliyekuwa ametulia tuli, kiko mdomoni. Huyo hakuwa bingwa wa mashindano. Alikuwa mmojawapo wa wasomaji wa jarida ambalo aliyepitwa ndiye aliyelihariri.

Mhariri huyo aliitwa Paul de Vivie, ingawa Wafaransa wapendao baiskeli wanamjua zaidi kwa jina lake la kalamu, Vélocio. Fedheha ile ya mlimani haikumtoka akilini. Kwa miaka 40 iliyofuata alitetea jambo moja ambalo leo hata mtoto aliyenunuliwa baiskeli dukani analiona la kawaida, yaani gia za kubadilishwa.

De Vivie alizaliwa Aprili 29, 1853 katika mji mdogo wa Pernes, jimbo la Vaucluse, kusini mwa Ufaransa, mahali ambapo mlima Ventoux huonekana kila kunapokucha pasipo mawingu. Alipokuwa mtu mzima alihamia Saint-Étienne na kufanya biashara ya hariri.

Saint-Étienne ulikuwa mji wa makaa ya mawe, viwanda vya bunduki na ufumaji wa utepe. Mafundi waliozoea kuchonga vyuma vya bunduki hawakuona tabu kuchonga vyuma vya baiskeli, na mji huo ukaja kuwa makao makuu ya utengenezaji wa baiskeli nchini humo.

Mwaka wa 1881 mwuza hariri huyo alinunua baiskeli yake ya kwanza, ya aina ile ya kale yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Akanogewa. Alisafiri hadi Coventry, Uingereza, kujionea viwanda vya huko, na hatimaye akaachana na hariri na kufungua duka la baiskeli. Mnamo 1887 alianzisha jarida lililokuja kujulikana kama Le Cycliste, ambalo alilihariri hadi mwisho wa uhai wake.

Ili kuelewa kilichomkera, ni sharti tukumbuke baiskeli za zama hizo zilivyokuwa. Gurudumu la meno lililo kwenye pedali lilikuwa moja, na la nyuma moja. Tuseme la mbele lina meno 46 na la nyuma 23. Kila pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili, na baiskeli husonga zaidi ya mita nne. Mwendo huo wafaa tambarare. Mlima ukianza, mwendeshaji yule yule hulazimika kuinua uzito wake wote kwa mita nne zile zile kila anapozungusha, na magoti yakigoma hana budi kushuka na kusukuma.

Angeweza kuchagua gia nyepesi ya mlimani, lakini akifika bondeni miguu ingezunguka kama pia bila kumfikisha popote. De Vivie alijiuliza kwa nini mtu alazimike kuchagua.

Jawabu lake la kwanza lilikuwa la kifundi cha kawaida. Alifunga magurudumu mawili ya meno mbele, kubwa na dogo, akawa anashuka na kuuhamisha mnyororo kwa mkono kila alipofika chini ya mlima. Baadaye alijaribu mbinu nyingine nyingi, zake na za wengine, zikiwemo zilizotoka Uingereza, huku akiwahimiza mafundi wa Saint-Étienne watengeneze kifaa cha kuhamisha mnyororo bila mtu kushuka. Kila jaribio alilipima kwa njia moja tu: alilipandisha mlimani, kisha akaandika jaridani lilivyofaulu au lilivyomwangusha.

Hapo ndipo alipokabiliana na Henri Desgrange, mhariri mwenzake na mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France. Desgrange aliamini kwamba mashindano hupima misuli ya mtu wala si ujanja wa fundi. Kwake gia zilikuwa mkongojo wa wanyonge.

Mwaka wa 1902 chama cha watalii, Touring Club de France, kiliandaa majaribio ya baiskeli katika milima ya Pyrénées, wapandaji wakipitia Tourmalet, kipito chenye zaidi ya mita 2,100. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Marthe Hesse, aliyekuwa na baiskeli ya gia tatu iitwayo Gauloise. Masimulizi yaliyoenea miongoni mwa wapenzi wa baiskeli husema alipanda pasipo kushuka ilhali wanaume wenye gia moja wakisukuma.

Desgrange alijibu katika gazeti lake kwamba majaribio yalikuwa mazuri, ila gia zingewafaa watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba vijana wamshinde mlima kwa nguvu za miguu yao. De Vivie wakati huo alikuwa na miaka 49. Kejeli hiyo, ukiitazama vyema, ilimpa hoja: hao wenye miaka 45 na zaidi, pamoja na wanawake na wote wasio na vifua vya mabingwa, ndio aliokuwa akiwaandikia.

Waama mabishano hayo yalihusu zaidi ya vyuma. Desgrange aliiona barabara kama uwanja wa vita, na mwaka mmoja baadaye, Tour de France ya kwanza ilipopigwa mwaka wa 1903, wanariadha wake waliupanda mlima uo huo wa Col de la République. Mwaka wa 1904 kundi la mashabiki liliwavizia huko usiku na kuwapiga wapinzani wa kijana wa eneo lao, Antoine Faure. Ilibidi waandalizi wafyatue risasi hewani kuwatawanya.

Vélocio aliipenda barabara hiyo hiyo ikiwa kimya. Aghalabu aliondoka Saint-Étienne usiku, akavuka msitu gizani kwa mwangaza wa taa ndogo, akateremka hadi bonde la mto Rhône kabla ya mapambazuko, kisha akaelekea kusini. Wakati wa Pasaka aliwaongoza marafiki hadi Provence, eneo alikozaliwa, ambako mizeituni hukaribisha majira ya kuchipua wakati milima ya Saint-Étienne ingali baridi. Barabara hazikuwa na lami. Zilikuwa za mawe yaliyoshindiliwa, vumbi kiangazi na matope masika, na magari yalikuwa machache mno. Njia alizozipenda zilizunguka vilima na kupenya vijijini, naye alipokuwa na zaidi ya miaka 50 bado alikuwa akiendesha mchana na usiku bila kulala.

Kwa safari hizo aliwapa wasomaji kanuni chache ambazo wapandaji wa leo wangali wanazikariri. Aliwashauri wapumzike mara chache na kwa muda mfupi, wale kabla ya njaa kuwashika na wanywe kabla ya kiu, wasijichoshe hadi chakula na usingizi vikawakimbia, tena wasikanyage pedali kwa ajili ya majivuno. Nyama, divai na tumbaku aliwataka waziache angalau wakiwa njiani. Yeye mwenyewe hakula nyama. Alikuwa pia mpenzi wa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili kuwaunganisha walimwengu, jambo ambalo halishangazi kwa mtu aliyedhani kwamba mipaka na milima vyaweza kuvukwa taratibu.

Mnamo 1922 wapenzi wa baiskeli wa Saint-Étienne walianzisha siku ya kumuenzi, wakawa wanapanda kwa pamoja kutoka mjini hadi Col de la République, mwinuko wa zaidi ya mita 600. Mzee mwenyewe, wakati huo akiwa na miaka 69, alipanda pamoja nao. Ni watu wachache wanaofanyiwa maadhimisho wakiwa hai, na wachache zaidi ambao maadhimisho yao huwatoa jasho.

Hata hivyo, hakuiona siku ya ushindi. Asubuhi ya Februari 27, 1930, baada ya kusoma kurasa za mwanafalsafa wa Roma ya kale, Seneca, kama inavyosimuliwa, alitoka nyumbani akiikokota baiskeli yake. Alipokuwa akivuka barabara mjini Saint-Étienne, alirudi nyuma kuepa gari na kugongwa na tramu. Alifariki akiwa na miaka 76. Mtu aliyepita maelfu ya kilomita za milima usiku bila kudhurika aliuawa mjini, akitembea kwa miguu.

Desgrange alishikilia msimamo wake kwa miaka mingine kadhaa. Waliotaka gia ya mlimani katika Tour de France walilazimika kusimama, kulifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza upande wa pili. Ni mwaka wa 1937, baada ya afya ya Desgrange kudhoofika na usimamizi kumwangukia Jacques Goddet, ambapo vifaa vya kuhamisha mnyororo viliruhusiwa. Roger Lapébie aliyevitumia akatwaa taji mwaka huo huo. Tangu hapo hakuna bingwa aliyethubutu kuviacha, akiwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017.

Kwenye kilele cha Col de la République kumejengwa mnara wa kumbukumbu ya Vélocio. Na tangu 1947 kuna safari ya Pasaka inayoitwa kwa jina lake. Si mashindano, na hakuna zawadi. Baiskeli tatu hadi tano huondoka pamoja kutoka popote zinapotaka nchini Ufaransa na kusafiri kwa saa 24 mfululizo, zikikamilisha angalau kilomita 360. Mwisho wa safari ni Provence.