Msingi wa Rabai: Maisha ya Mchungaji Johannes Rebmann (1820–1876)



Sisi wa Ras Kitau tunaijua kazi ya kujenga. Mawe yanachimbwa hapa hapa kisiwani Manda, kule Maweni, na kuvushwa kwa mashua hadi Lamu. Fundi yeyote atakuambia kwamba penye mchanga sharti uchimbe chini mpaka upate pagumu, na kwamba nyumba ikiisha hakuna mgeni atakayeisifu kazi hiyo. Katika jubilii hii, tunapozungumza juu ya msingi wa maisha ya Kikristo, inafaa tumkumbuke mtu aliyechimba namna hiyo katika pwani yetu: Mchungaji Johannes Rebmann.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Alisomea kazi ya misheni Basel, Uswisi, kisha Uingereza, na mwaka 1846 akafika Mombasa. Alimkuta Mchungaji Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwezi Agosti mwaka huo wote wawili walipanda kwenda Rabai kuanzisha kituo, huku wakisumbuliwa na homa.

Vitabu vya shule vinamkumbuka Rebmann kwa jambo moja. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagani, aliuona mlima Kilimanjaro wenye theluji. Alipoandika habari hiyo, wasomi wengine wa Ulaya walimcheka. Theluji karibu na ikweta waliona ni ndoto. Mwaka uliofuata alikwenda tena, na mtawala wa Machame akamnyang'anya bidhaa zake. Akarudi Rabai mikono mitupu.

Hapo ndipo maisha yake yanapotufundisha zaidi. Krapf alikuwa na ndoto ya kupanga vituo vya misheni kuvuka Afrika nzima. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja, kuijua lugha ya watu na kufundisha mmoja mmoja. Krapf alipoondoka kwa sababu ya afya, Rebmann alibaki. Kwa jumla alitumika miaka 29 bila kwenda likizo kwao Ujerumani.

Je, alivuna nini? Kwa macho ya watu, kidogo sana. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, naye alifariki muda mfupi baadaye. Ilipita karibu miaka kumi kabla ya Abe Gunja na Abe Ngoa kubatizwa. Nyumbani nako kulikuwa na msiba. Mtoto wake na mkewe Emma alikufa akiwa mchanga, na mwaka 1866 Emma mwenyewe akafariki Rabai. Kisha macho yakaanza kufifia. Wageni waliofika mwaka 1873 walikuta mzee karibu kipofu, na kundi dogo la waumini.

Hata hivyo alikuwa akifanya kazi. Kwa miaka mingi alikaa na wenyeji, neno kwa neno, akikusanya kamusi za Kinyika, Kiswahili na Kinyasa. Kinyasa alifundishwa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Aliitafsiri pia Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Mwaka 1875 alirudi Ulaya akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Sasa tazameni kilichojengwa juu ya msingi ule. Mwaka 1864 walifika Rabai vijana Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1885 hao wawili waliwekewa mikono kuwa mashemasi na Askofu Hannington. Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 waliokimbilia vituo vya misheni walipewa hati za uhuru, wengi wao wakiwa wa Rabai. Rebmann hakuyaona hayo.

Wapendwa wanakwaya, ni rahisi kujipima kwa sare mpya, kwa mialiko, na kwa makofi ya siku kama ya leo. Hayo ni mema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ziko jioni za mazoezi ambapo wanafika wanne tu. Ziko asubuhi ambapo mtu anaomba peke yake na haoni jibu, na wiki ambapo mwenzetu amefiwa na hana sauti ya kuimba. Bwana Yesu, katika mfano wa wajenzi wawili, alionyesha kwamba mvua na mafuriko huzipiga nyumba zote mbili. Tofauti ilikuwa chini.

Basi tusome Neno hata siku ambazo hatuna zamu ya kuimba. Tumfundishe mtoto mmoja wimbo mmoja hadi aujue. Tumtembelee aliyeacha kuja. Huenda matunda yakaonwa na watakaosherehekea jubilii ijayo, nasi tusiwepo.

Mungu aibariki kwaya yetu na kila aliyefika kusherehekea nasi.

Katibu wa Kwaya