Shaaban Robert, Karani Aliyekuwa Mwandishi

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa wa asili ya Kiyao. Alipelekwa Dar es Salaam kusoma, na mwaka 1926 akawa karani wa forodha. Tangu hapo alifanya kazi za serikali kwa miaka zaidi ya thelathini: mchana alishika daftari za ofisi, na saa zilizobaki alitunga mashairi na hadithi.

Ninyi wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, ambao nyumbani mwasema Kiha, pengine mwadhani kuwa mwandishi huzaliwa na maneno yote kinywani. Basi kitafuteni kitabu chake kiitwacho Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, mkakisome polepole. Mtaona kuwa hakwenda mbali kutafuta la kuandika. Alieleza mambo ya nyumbani mwake.

Mkewe, Amina, alifariki akamwachia watoto wangali wadogo. Shaaban hakuificha huzuni yake. Alitunga shairi la kumlilia. Kisha aliwatungia watoto wale tenzi mbili, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti yake. Angaliweza kuwapa wote utenzi mmoja, na kazi ingalikuwa nyepesi. Lakini kila mtoto alipewa maneno yake, maana baba alijua anasema na nani.

Alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa Machui.