JOHN DOLLOND, MFUMAJI ALIYEONDOA PINDO LA RANGI

Mwaka huu sikutaka kuandika habari za wanasiasa wala wanasoka. Nimemchagua fundi aliyefariki mwaka 1761, na aliyenipeleka kwake ni mwezi.

Wakati wa likizo niliunda darubini. Nilinunua miwani ya kusomea ya namba 1 sokoni Kitale, nikang'oa lenzi moja na kuitia kwenye mwisho wa bomba la plastiki la karibu mita moja. Upande wa jicho nilitia lenzi ndogo ya sentimita 5, nikaishikiza ndani ya kipande cha fimbo ya pazia ya shaba nilichokatiwa na fundi wa jua kali. Gawanya 100 kwa 5: inakuza mara 20. Nikaibeba hadi nyumbani Bungoma nikamwonyesha baba, ambaye ni fundi cherehani. Mwezi ulionekana kichwa chini miguu juu, mashimo yake wazi kabisa, lakini ukingoni ulikuwa na rangi ya zambarau na manjano. Baba akauliza ni nani aliyeutia mwezi pindo. Sikuwa na jibu.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Fizikia alinieleza kuwa lenzi huupinda mwanga wa samawati zaidi kuliko mwekundu, basi rangi hazikutani mahali pamoja. Ati hata Isaac Newton mwenyewe aliona pindo hilo haliondoleki, akaunda darubini ya kioo cha kuakisi. Wengine walirefusha tu darubini ili rangi zipungue. Hevelius wa Danzig alijenga moja ya zaidi ya mita 40, ikining'inia kwa kamba kwenye mlingoti!

Sasa nije kwa Dollond. Alizaliwa London mwaka 1706, katika mtaa wa Spitalfields. Jamaa zake walikuwa Waprotestanti waliotoroka Ufaransa kwa sababu ya dini, na kazi yao ilikuwa kufuma hariri. Baba yake akafa mapema, ikambidi kijana ashike mtambo. Mchana alifuma, usiku alisoma hesabu, habari za mwanga na nyota, hata Kilatini na Kigiriki. Chuo hakukiona. Sisi wa shule ya kutwa, tunaofika nyumbani na kuanza na kuteka maji kabla ya vitabu, tunamwelewa vizuri. Mwaka 1750 mwanawe Peter alifungua karakana ya lenzi, na 1752 mzee, akiwa na miaka 46, akaacha hariri akamfuata.

Hapa ndipo ninapompendea. Leonhard Euler, bingwa wa hesabu kutoka Uswisi, alikuwa ameandika kwamba pindo lingeweza kuondolewa. Mwaka 1753 Dollond alimpinga: Newton ameshasema, yamekwisha. Halafu Klingenstierna wa Uswidi akaonyesha kwa hesabu kwamba neno la Newton lina kasoro. Dollond hakununa. Mwaka 1757 alitia mche wa kioo ndani ya mche wa maji, akarudia jaribio la Newton kwa mikono yake. Wapi! Matokeo yakawa mengine. Akakubali kwamba amekosea, tena mbele ya watu wale wale aliowaandikia kwanza.

Kisha akajaribu aina za vioo. Kioo cha flinti, chenye risasi ndani, hutawanya rangi zaidi kuliko kioo cha krauni kilichofanana na cha madirisha. Akasaga lenzi mbinuko ya krauni na lenzi mbonyeo ya flinti, akazipanga pamoja. Ya pili ilirudisha pamoja rangi zilizotawanywa na ya kwanza, lakini haikufuta kupinda kote kwa mwanga, kwa hiyo taswira ikabaki. Mwaka 1758 alipata hataza, na Royal Society ikamtuza nishani ya Copley.

Lakini kuna jambo. Wakili mmoja, Chester Moor Hall, alikuwa ametengeneza darubini kama hiyo karibu mwaka 1733. Inasimuliwa kwamba ili kuficha siri, aliagiza lenzi moja kwa fundi huyu na nyingine kwa yule. Kumbe wote wawili walimpa kazi fundi yule yule, George Bass! Baada ya Dollond kufariki, Peter aliwashtaki mafundi waliotumia hataza, nao wakaitaja habari ya Hall. Mwaka 1766 mahakama ilimpa Peter ushindi kwa kuwa Hall alikuwa amekifungia kitu chake ndani bila kuwafaidi watu.

Katika chama tulibishana sana juu ya hukumu hiyo. Mimi ningemwandika Hall wa kwanza, ingawa majaribio ya Dollond ni jasho lake mwenyewe. Ninayemhurumia ni Bass. Vioo vyote viwili vilipita mikononi mwake, na leo ni wangapi wanaomjua?

Karakana ya Peter iliendelea kuuza darubini za shaba za kuvuta, na mabaharia wakazipenda. Yangu bado ina pindo. Nimeifunika lenzi kwa karatasi yenye tundu la sentimita 2. Pindo limepungua, ila mwezi nao umefifia, na baba ananiuliza kila Jumamosi kama nimeshapata kioo cha pili.